Matofali Mabichi

Wakati ule binti yangu alikuwa analala sebuleni na wanawe watatu. Mumewe alifariki Nzega. Alipomaliza eda alirudi kwetu Itetemia, kiangazi kikiwa kimekwisha na majirani wamekwisha kuchoma matofali yao. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu. Nilimwahidi kwamba kabla ya Ramadhani atakuwa na chumba chake.

Mvua za kwanza zilinyesha, watu wakapanda, kisha zikakata. Mahindi ya mke wangu, nyuma ya nyumba, yalikuwa yamefika magotini. Pembeni ya shamba hilohilo palikuwa na udongo mzuri, nikamleta fundi wa kufyatua matofali kutoka mtaa wa Ng'ambo. Yeye ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Utani huo tuliurithi kwa wazee waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani wakikatiza Ugogo. Jinsi ulivyoanza, kila mtu anaeleza lake. Ninalojua ni kwamba mpaka leo mtani anaruhusiwa kukwambia neno ambalo mwanao hawezi kukwambia, na wewe huruhusiwi kukasirika.

Basi jua lililokuwa linakunja majani ya mahindi ndilo lililokuwa linakausha matofali yangu. Kila asubuhi mke wangu alitoka, akatazama juu, akasema, "Ya Rabi, leo." Mimi nilitoka nyuma yake, nikagusa tofali la juu kama limekauka.

Wazee wa msikiti waliamua tuswali swala ya kuomba mvua. Imamu alikuwa safarini, wakaniomba niswalishe mimi kwa sababu nimefundisha madrasa miaka mingi. Tulifunga siku tatu. Siku ya nne tukatoka hadi uwanja wa mpira, tumevaa nguo zetu za kazi. Majirani Wakristo walikuja wakasimama pembeni na watoto wao, na wafugaji wawili walileta mbuzi, maana na wanyama wana kiu.

Mwisho wa hotuba anayeswalisha huelekea kibla na kuligeuza shuka lake la mabegani, la ndani liwe nje, la kulia liwe kushoto, kumwomba Mungu aigeuze hali yetu namna ile. Nililigeuza. Nikainua mikono. Mdomo wangu uliomba mvua ya neema, watu wakaitikia amina. Na moyoni, kabla sijajizuia, nikasema: siku saba tu, Mola wangu, nichome kwanza.

Siku saba zikapita bila wingu. Matofali nayo hayakuchomwa, kwa sababu mtani wangu aliugua malaria. Zikapita siku saba nyingine. Sasa nikaanza kuogopa. Watoto wa madrasa niliwafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hangoji ruhusa ya kiumbe, na kwa hiyo sikuweza kuamini kwamba tofali langu limeishika mbingu. Lakini watoto haohao, kwenye mkeka uleule, niliwafundisha kwamba Yeye anajua vifua vinaficha nini. Mambo hayo mawili niliyasoma ujanani na kuyasomesha mpaka nimezeeka. Mwezi ule sikujua yanakaaje pamoja.

"Mbona siku hizi hutazami juu?" mke wangu akaniuliza.

"Shingo inauma."

Akanipaka mafuta ya kuchua shingoni. Nikazidi kuona haya.

Tukaitwa uwanjani mara ya pili. Mtani wangu alikuwa amepona, akaja naye. Tulikuwa bado tunapanga safu alipopaza sauti.

"Jamani, mnajisumbua bure! Mvua itakujaje, na shehe wenu ana matofali mabichi? Huyu Mnyamwezi anageuza shuka, moyo hageuzi!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Mgogo wewe, kwenu mvua mliiona lini? Hebu kaa hapo ujifunze!" Wakacheka zaidi.

Ningeweza kucheka nao, mambo yakaishia hapo. Lakini nikawageukia.

"Anasema kweli," nikasema. "Ile siku ya kwanza nilimwomba Mungu aicheleweshe. Sifai kuwaswalisha. Aswalishe mwingine."

Kicheko kikalipuka, kikubwa kuliko cha kwanza. "Shehe naye leo!" mzee mmoja akasema huku anafuta machozi. "Utani wenu mtamalizia nyumbani, jua linapanda." Akanisukuma taratibu mbele. Watu wawili tu hawakucheka. Mmoja alikuwa mke wangu, katika safu za wanawake. Mwingine alikuwa mtani wangu, ambaye sasa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Nikaswalisha. Nilipoligeuza shuka nilitafuta moyo mmoja wa kuombea, sikuupata. Nikasema kimyakimya: sijui nikuombe nini. Mahindi ni ya mke wangu, chumba ni cha mwanangu. Wewe unatuona sote.

Njiani mke wangu akauliza, "Ulisema kweli?"

"Kweli."

Tukapita nyumba mbili, tatu. Kisha akasema, "Na mimi kila asubuhi nilikuwa naomba inyeshe, hata kama matofali yote yatayeyuka. Sikukwambia."

Sikujua kama nimefarijika au nimechanganyikiwa zaidi.

Siku ya nne baada ya swala hiyo, alasiri, matofali yalikuwa yamepangwa tanuri, kuni zimeingizwa, imebaki kuwasha moto kesho yake. Wingu likatokea upande wa Isikizya, na hatukupata hata muda wa kulijadili. Mke wangu, mwenye mahindi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia na turubai. Binti yangu akafuata na mikeka ya kulalia wanawe. Mtani wangu alikuwa tayari juu ya tanuri, ameloa mpaka kofia. Mimi nikasimama. Maji mekundu yalikuwa yanatoka chini ya tanuri, yanapita katikati ya miguu yangu, yanaingia kwenye mahindi. Nikasema alhamdulillahi, nikaisema tena, na nilikuwa nalia, na sijui mpaka leo nililia nini.

"Shehe!" mtani wangu akapiga kelele. "Kama unashukuru, shukuru huku umeshika turubai!"

Nikashika pembe. Upepo ukaichomoa, nikaikamata tena.

Tulichookoa hakikutosha chumba. Ramadhani ilipoingia binti yangu alifuturu palepale sebuleni, na wanawe, na sisi, kwa mahindi ya kuchoma ya mama yake. Jioni ya kwanza nilitaka kumwomba radhi. Nilitaka pia kumwambia kwamba sijui ni dua ya nani iliyojibiwa, na kwamba sasa nikiomba ninakabidhi tu, sisemi lini.

"Mwanangu," nikaanza, "kuhusu kile chumba..."

"Baba, kula," akasema. "Yanapoa."