Msusi Aimbaye

Msusi wa Riruta husuka akiimba, vidole vyake vyepesi, havivuti nywele. Hakumtambua Nzisa, aliyekuja kusukwa, lakini Nzisa alimjua tangu mlangoni. Ndiye aliyemwambia, walipokuwa wanafunzi, mbele ya kwaya ya shule, "Nyamaza! Unalia kama mbuzi." Tangu siku hiyo Nzisa hakuimba tena, akidhani kasoro ni yake. Mara mamake msusi akachungulia. "Wewe, nyamaza! Unalia kama mbuzi!"

"Sawa, mum," msusi akajibu, mabega yamenywea kama ya mtoto. Kumbe maneno yale yalitoka nyumbani kwao, wala hayakumhusu Nzisa. Akaisikitikia miaka yote aliyokaa kimya kanisani. Kisha, kwa sauti ya kukwaruza, Nzisa akauokota wimbo wa msusi pale ulipokatikia.