Picha ya Arikoveri

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani hawajawasimulia. Nilipiga picha ya chakula ambacho sikukipika, nikaituma kwa mke wangu Lubumbashi, na chini yake nikaandika: "Nimepika miye mwenyewe."

Chakula chenyewe kilikuwa arikoveri, yale maharage mabichi marefu ya kijani yanayoliwa pamoja na ganda lake. Aliyeyapika ni mama jirani, mjane anayeuza mikate, tunayetenganishwa naye na ukuta mfupi tu. Alikuwa ameona siku tatu mfululizo hakuna moshi uani kwangu, akanipitishia sahani juu ya ukuta bila kuuliza neno. Yalikuwa yanang'aa kwa mafuta, vitunguu vimelala juu yake vizuri. Nikayahamishia kwenye sahani yetu yenye maua, ili mke wangu asitambue sahani ya jirani, ndipo nikapiga picha. Mwizi anayefagia nyayo zake, ndiye mimi.

Mke wangu alikuwa ameenda kwa binti yetu aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu sisi tuliotokea Kasai, mama mzazi ndiye anayekwenda kazi hiyo: kumkanda binti kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha kichanga. Baba anabaki nyumbani na kuambiwa kwamba wote ni wazima. Tulikuwa tumepatana miezi miwili, na miezi miwili ilikuwa inaisha Jumamosi ya wiki ile.

Alipoona picha hakuandika, alipiga simu.

"Heee! Tata, ni weye kweli? Miaka yote ulikuwa unajifanya hujui ata kuwasha makala!"

"Nilikuwa naficha tu," nikasema.

"Basi, Mungu aksanti. Nilikuwa na mawazo ju yako, nilisema Jumamosi hii, siku ya posho, nirudi. Lakini kama unapika hivi, nitabakia kwanza huku mupaka mutoto atembee."

Mtoto alikuwa na wiki nane. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikafika mkono wa pili. Pale pale ningeweza kusema kwamba picha ni ya uongo na nyumba imenishinda. Nikasema: "Muzuri. Hakuna tatizo."

Labda utaniuliza kwa nini sikupanda gari nikamfuata. Ninayo sababu ya kuwaambia watu. Cité yetu, huu mtaa wetu, iko karibu na mashimo ya madini ya Musonoi, na nyumba isiyo na mtu huku haikai salama. Jamaa mmoja wa avenyu ya nyuma alienda matanga Kasaji, akarudi akakuta shimo refu kuliko kisima katikati ya sebule yake, wachimbaji wamelifunika kwa mlango wake wa chumbani. Kwa hiyo mimi nalinda nyumba. Lakini sababu ya kweli ni kwamba mi siwezi kulala kitanda cha watu. Hata safari ya sokoni inanichosha kama naenda Sandoa kwa miguu. Niliacha kazi ya kuandika mizigo kwenye depo, nikavaa kandambili, na tangu hapo sijaona haja ya kwenda mahali.

Sasa nyumba niliyoipenda ikaanza kunitazama. Sikujua kwamba nina tabia ya kutangaza mambo yangu mpaka nilipobaki peke yangu. "Sasa nafunga dirisha." "Vumbi hii ya leo!" Zamani kutoka chumba cha pili ilikuwa inarudi sauti, "Mmm," bila hata kunisikiliza. Siku moja nilisema nafunga dirisha, nikangoja kidogo, kisha nikajiitikia mwenyewe, "Mmm," kwa sauti yake kabisa. Nikakaa kwenye kiti. Nikaona hapa sasa nimefika pabaya.

Ndipo nikaamua kupika arikoveri kwelikweli. Uongo ukigeuka kuwa kweli, nilijiambia, dhambi inapungua. Pia nilitaka sababu ya kupiga simu. Mwanaume wa umri wangu hawezi kumpigia mke wake mchana ili kumwambia kwamba ameketi.

Muuzaji wa mboga sokoni alinipimia kilo nzima kabla sijafungua mdomo.

"Ni ya batu ngapi, tata?"

"Ni yangu."

"Weye moya? Basi utaota majani mu masikio!" Na mama wawili wa meza ya jirani wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikaondoka na kilo yangu nzima, maana kupunguza mbele yao ningeona haya zaidi.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo resho, jiko la umeme la ndani ambalo lingenificha, halikufaa kitu. Ilibidi nitoe nje mbabula, jiko la makaa, niijaze makala na kuchuchumaa mbele ya mlango, avenyu yote inaona. Wachimbaji watatu walipita wakirudi kutoka Musonoi, wamejaa vumbi hadi kope.

"Papa! Mama amekufukuza?"

"Ni miye nimemufukuza!" nikajibu.

"Ndiyo maana unalia!"

Ulikuwa moshi. Karibu wote ulikuwa moshi.

Sufuria ya kwanza niliifunika vizuri ili chakula kiive haraka. Nilipofunua nikakuta maharage yamekuwa na rangi ya suruali ya askari mzee, yamelegea. Nikapiga simu. Kuuliza waziwazi sikuweza, nilikuwa nimeshajitangaza fundi, kwa hiyo niliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Weye unafunikaga?"

"Arikoveri? Apana! Unaacha wazi, mayi iwe inatokota kwa nguvu, unatia chumvi, unahesabu kidogo, unatoa. Si unajua?"

"Najua. Nilitaka kusikia yako."

Nyuma yake mtoto alilia, akasema ngoja, na simu ikakatika. Tulikuwa tumeongea kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja.

Kesho yake nilisahau kutoa nyuzi za pembeni, nikala jioni nzima navuta uzi kwenye meno kama fundi cherehani. Nikapiga tena. Akanieleza: vunja kichwa cha haragwe kwa vidole, usikate kwa kisu, ukivunja uzi utafuata wenyewe hadi mkiani. Aliongea polepole siku hiyo, maana mtoto alikuwa amelala. Akaniuliza kama mvua imenyesha. Akauliza kama mlango wa nyuma bado unakwama. Nikamjibu yote kwa neno moja moja, kama mtu anayejaza fomu, kisha simu ilipokatika nikabaki nimeishika.

Sufuria ya nne ndiyo iliyokuwa chakula. Maji yalitokota wazi, maharage yakatoka yana kijani cha kuuma macho. Nikakaanga vitunguu kwenye mafuta ya mawese, nikatia vitunguu saumu, nyanya moja, kipande cha kube ya mchuzi na mabua mawili ya seleri niliyokatakata mwishoni. Nikarudisha maharage, nikageuza mara mbili tu. Niliyaonja nimesimama. Yalikuwa mazuri kuliko yale ya picha, na ninasema hivyo bila kujisifu, ingawa najisifu. Nilipika bukari, ugali wetu, nikaweka meza uani kwenye kivuli cha ukuta. Kwa mazoea nikatoa sahani mbili. Moja nikairudisha kabatini.

Kabla sijakata tonge la kwanza, simu ikalia. Safari hii alipiga yeye, na hakukuwa na sababu yoyote.

"Umekula?"

"Ndio naanza. Arikoveri."

"Ah. Tena?"

"Leo zimetoka muzuri kabisa. Hazikulegea."

Nikasikia jogoo wa watu huko Lubumbashi. Halafu akasema, "Mutoto amenenepa. Dada yake bwana wa binti yetu amekuya kusaidia. Sasa mi niko nakaa tu."

"Ni muzuri upumzike."

"Ndiyo. Na weye, uko muzima?"

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Nakumbuka hata umbo lake. Lakini nikamwambia kwamba siri yote iko kwenye seleri, kwamba isitiwe mapema, itapoteza harufu, na kwamba ya soko letu siku hizi ina mabua manene. Nilieleza mpaka nikaishiwa.

"Muzuri basi," akasema. "Kula, isipoe."

Nilipoweka simu mezani, kichwa cha mama jirani kilikuwa juu ya ukuta, viwiko vyote viwili vimeegemea matofali, na ilionekana alikuwa hapo tangu "umekula". Akazunguka, akaingia kwa geti bila kupiga hodi, akachota arikoveri kwenye sufuria kwa vidole vitatu, akatafuna hadi mwisho, akajifuta kwenye kitenge. Halafu akanitazama.

"Tata, arikoveri yako iko muzuri, na weye uko mujinga. Bibi yako alikuwa anangojea umuambie akuye nyumbani, weye unamuelezea seleri."