Taa ya Mume Wangu Chini ya Nyota

Mimi nyota nazipiga picha kwa simu, tena simu ya kawaida kabisa, kioo kimepasuka kwenye kona. Stendi sina. Nina ndoo ya mchanga. Naichomeka simu mchangani, naiegemeza kidogo itazame ziwani na juu, naweka ile sehemu ya picha za usiku ambapo simu inakaa muda ikikusanya mwanga, naipa sekunde chache za kungoja, kisha naondoa mkono na kubana pumzi. Ukiigusa tu, nyota zote zinakuwa minyoo. Mwanzoni majirani hapa kisiwani Bumbire walidhani natafuta mtandao. Siku hizi wanapita wakinicheka, "Leo umevua nyota ngapi?"

Shida ni moja. Nyota zinataka giza, mwezi usiwepo kabisa. Dagaa nao wanataka giza hilohilo, kwa sababu mwezi ukiwaka taa za wavuvi haziwavuti. Na mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Kwa hiyo anga likiwa zuri yeye yuko ziwani, na akiwa nyumbani ni mbalamwezi, nyota zimefifia, yeye anakoroma. Tangu tuoane hatujawahi kusimama pamoja chini ya nyota za maana.

Sikuliwaza sana hilo mpaka tulipokwenda Buhembe kumsalimia mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwonyesha picha zangu, najisifu kweli. Akazitazama moja moja, kisu mkononi.

"Mawe!" akashangaa kwa kilugha chao. "Nzuri. Na mwanangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa taa kule chini, ziwani. "Yumo humo, mama."

"Yupi?"

Jamani! Taa zote zinafanana, hata mimi mke wake sijui yake ni ipi. Iliniuma, sisemi uongo. Nikataka picha moja tu ya nyota ambayo na yeye yumo.

Siku za giza ziliporudi, mchana mmoja mume wangu akiwa anajiandaa, nikamwambia, "Baba watoto, leo ukiwa ziwani itoe taa majini inapoelea uizungushe juu ya kichwa. Kwenye simu itachora duara. Nitakujua."

Akaangua kicheko. "Dagaa wamekusanyika chini ya taa, halafu mimi niinyanyue nicheze nayo? Watatawanyika wote. Nahodha atanitosa!"

"Mara moja tu."

"Mama watoto, usiku ukifika kalale."

Nikanuna. Mimi nikinuna, hata chai ya nyumba hii inanuna. Akaondoka hatujaagana vizuri.

Lakini kulala nilale wapi? Nikabeba ndoo yangu nikashuka ufukweni. Anga lilikuwa safi ajabu, nyota zimemwagika mpaka unaona ule weupe wake kama unga uliopeperushwa. Nikapiga picha ya kwanza. Taa zimejipanga, hakuna duara. Nikapiga nyingine, na nyingine. Hakuna. Wadudu wa ziwani wakaja kwa makundi, wanaingia puani, wanaingia mdomoni, nikajifunika kitenge kichwa kizima. Betri ikawa nyekundu. Nikasema basi, hii ya mwisho, halafu nikalale kweli kama nilivyoambiwa. Nikabonyeza, nikajikunyata ndani ya kitenge changu, sioni kitu.

Nilipofunua na kutazama kioo, nyota zilikuwa juu, kali, hazijatikisika. Chini yake zile taa. Na katikati ya taa, moja imechora duara. Wala halikuwa duara zuri, lilikuwa limepinda kama yai kwa sababu mtumbwi ulikuwa unayumba. Nilipiga ukelele peke yangu pale ufukweni. Simu ikazima.

Asubuhi mitumbwi ikarudi. Ya wenzao imejaa, kina mama wanateremsha dagaa huku wanaimba. Kwenye mtumbwi wa kina mume wangu dagaa wako chini kabisa, unaona mbao. Nahodha akanipita bila salamu, na mimi namsalimia kila siku. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi usiku kucha, mengine ya utani, mengine ya kuomba radhi kwa ile chai iliyonuna.

Mume wangu akapanda kutoka majini, amelowa, taa begani. Hata shikamoo za watoto walionifuata ufukweni hakuziitikia kwanza.

"Umeniona?"

"Nimekuona," nikasema, nikampokea taa.