Kura ya Makungu

Thuwaiba binti Suhail hupika chakula cha watoto katika skuli moja ya Lozells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na sufuria zake ni kubwa kuliko yeye. Siasa hakuwa nazo. Lakini baraza la jiji lilipotaka kuuza ukumbi ambamo wazee wa mtaa hula chakula cha mchana, alipandwa na hasira, akavua aproni, akagombea udiwani bila chama. Watu wakamcheka. Mpishi na siasa, wapi na wapi!

Diwani aliyekuwa akimaliza muda wake ni Makungu, Mpemba kama Thuwaiba, mtu wa chama kile kile kilichotaka kuuza ukumbi. Thuwaiba alimwita ami kwa adabu tu, maana babake, Mzee Suhail, hakuwa akisalimiana na Makungu. Wawili hao walizaliwa kijiji kimoja, wakakua kama chanda na pete, mpaka vyama vingi vilipoingia kwao, mmoja akashika huku na mwengine kule. Miaka thelathini hiyo. Kila mmoja alifika Birmingham kwa njia yake, wakaangukia mitaa inayopakana, wakisali msikiti mmoja, na bado ukimtajia mzee jina la Makungu anasonya. Masanduku yao yalipotea njiani. Chuki ilifika salama.

Wiki moja kabla ya kura, watu walijaa ukumbini. Makungu alitarajiwa kumnadi mgombea wa chama chake, kijana mwenye suti. Akasimama, akavua miwani.

"Jamani, chama changu nakipenda," alisema. "Lakini kwa ukumbi huu kimekosea, na mimi nimenyamaza vya kutosha. Kura yangu nampa Thuwaiba, binti Suhail. Na nyinyi mpeni."

Kijana mwenye suti akatoka, simu sikioni. Jambo lile Thuwaiba hakuthubutu hata kuliomba. Makungu alipotoka, akamkimbilia nje.

"Ami, watakufukuza!"

"They will, mwanangu. Kwani nilizaliwa na kadi mkononi?"

Nyumbani, Mzee Suhail alisikiliza habari hiyo amekunja uso. "Mtego huo," alisema. "Makungu hatoi kitu bure. Kaulize kalipwa na nani."

Thuwaiba alikuwa hajapata kumpandishia babake sauti. Siku ile aliipandisha. "Kalipwa nini, baba? Kesho hana chama!"

Mzee akajivutia blanketi.

Makungu akafukuzwa kweli, juma lile lile. Na Thuwaiba hakushinda. Alipitwa kwa kura chache, chache mno, hata kijana mwenye suti akaingia barazani na hofu ya wapiga kura moyoni, na jambo la kwanza alilolipigania ni ukumbi usiuzwe. Wazee wanakula pale mpaka leo. Thuwaiba alirudi jikoni bila kinyongo, ila deni la ahsante lilimwelemea. Atamshukuruje mtu ambaye babake hataki hata kumsikia?

Ijumaa moja, mvua ya Mei inanyesha, mzee akavaa kanzu na kofia. "Nipe mkono," alimwambia. "Nipeleke kwa Makungu."

Thuwaiba akachukua mwavuli upesi, mzee asije akageuza nia. Makungu alifungua mlango mwenyewe, akaganda.

"Makungu," alianza Mzee Suhail. "Mamako alipokufa kule kwetu, sikuja kumzika. Nyumba ya tatu tu kutoka yangu, nami nikajifungia ndani kwa ajili ya vyama. Nawe umemsimamia mwanangu mbele za watu, na chama chako ukakiacha. Nimekuja kukwambia ahsante. Na nikifa, nakuomba unizike wewe."

Makungu alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Ingia ndani kwanza, Suhail. Kwa baridi hii utanipa kazi hiyo leo leo."

Wakaingia wameshikana mikono. Thuwaiba akabaki kizingitini na mwavuli, analia, anamshukuru Mungu kwa uchaguzi alioshindwa.