Leonia Akataa Kusikiliza

Mwaka 1997 Leonia Yona alikuwa mkalimani pale ufukweni mwa ziwa, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishushwa kutoka kwenye maboti. Yeye ni Muha, na Kiha na Kirundi havipishani sana, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Ila ilikuwa kazi ya kibarua. Watu wakija wengi anaitwa. Wasipokuja anarudi mtaani kwao Mwanga kushona nguo kwenye kibaraza cha kaka yake, Selestini.

Jumatatu moja aliitwa ofisini. Bwana Oswald, aliyesimamia msako wa wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini bila kibali, alimvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimekupatia ajira ya kudumu, mama. Gari litakufuata nyumbani. Ukiumwa, unatibiwa."

"Kazi yenyewe ni ipi?"

"Kusikiliza tu. Kila tunayemkamata anadai ni Muha wa hapahapa. Wewe utazungumza naye kidogo, kisha utuambie: huyu wetu, huyu wa kambini. Sisi sikio hilo hatuna."

Leonia aliomba siku mbili.

Selestini hakuona cha kufikiria. "Una watoto watatu na baba yao yuko Mpanda, hata salamu haleti. Ukikataa watamchukua mwingine, na hao watu watakamatwa vilevile."

Maneno hayo yalimkaa Leonia moyoni kwa sababu yalikuwa ya kweli. Siku hiyo alikosea mkono wa blauzi moja mara mbili, akafumua, akashona upya. Jumatano asubuhi alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisini, ameshaamua kukubali.

Bwana Oswald alitaka waanze kwa majaribio. Wanawake watatu walikuwa wameketi kwenye benchi ukumbini. Leonia alimuuliza wa kwanza alilala wapi na alikula nini. Alipomaliza alisema, "Wa ng'ambo." Wa pili pia, "Wa ng'ambo." Bwana Oswald akaandika.

Wa tatu Leonia alimfahamu: Hidaya, muuza dagaa wa ufukweni Katonga, mke wa Hamdani wa mtaa wa Kasingirima. Alizaliwa Burundi, lakini aliolewa Ujiji kabla Leonia hajaanza darasa la kwanza. Hidaya alimtazama kama mtu asiyemjua, asije akamponza. Alijibu kwa maneno machache, na matamshi ya kwao yalikuwa bado yamo. Leonia aliyasikia waziwazi. Ndivyo alivyokuwa akitamka bibi yake mzaa mama, aliyemlea.

"Na huyu?" Bwana Oswald aliuliza, kalamu mkononi.

Leonia alimgeukia yule mwanamke. "Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba, mwanangu," Hidaya alijibu.

"Mnajuana?"

"Anasema kama bibi yangu. Bibi naye alizaliwa ng'ambo, akavuka kuja kulima, akazikwa Kasulu. Ukitaka kumwandika huyu, anza na mimi. Na wale wawili, futa nilichosema."

"Kilichoandikwa kimeandikwa. Mama, usichezee kazi. Fomu yako ya ajira hii hapa, imebaki sahihi tu."

"Sitii sahihi."

"Basi hata ufukweni hutaitwa tena."

"Msiniite!"

Hakutoka. Alijibana kwenye benchi kando ya Hidaya, akamtuma mfagizi wa ofisi kwa Hamdani. Askari alimwambia aondoke, akamjibu kwamba akitaka amkamate, maana hata yeye ni mjukuu wa mtu wa ng'ambo. Askari akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona Leonia hainuki. Adhuhuri Hamdani alifika na cheti cha ndoa pamoja na mwenyekiti wa mtaa, nao wakamtoa Hidaya. Wale wanawake wawili walikuwa wameshapandishwa kwenye gari la kambini.

Wiki haikuisha, mtu mwingine akachukua kazi ile. Selestini hakumsemesha dada yake mwezi mzima, ingawa hakumfukuza kibarazani. Siku aliyofungua mdomo, alimuuliza kama hajutii.

"Kazi siijutii," Leonia alisema, akiendelea kukata kitambaa. "Wakija na fomu nyingine nitaikataa tena mbele yako. Najutia wale wawili. Niliwauliza walikula nini, sikuwauliza hata majina."