Kazi Isiyokwisha Haiendi Stoo

Mtaani walimwita Bi Harusi, ingawa yeye mwenyewe aliolewa bila ngoma wala keki, kwa mashahidi wawili na soda. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa akipiga video za harusi za watu na kuzihariri katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chumba chenye dirisha moja, pazia zito na viti viwili tu: kimoja chake, kingine cha mteja. Mumewe, mtunza stoo mstaafu, hakuwa na kiti humo, na hilo lilikuwa la makusudi kabisa. Lakini mzee yule hakuhitaji kiti ili kumkera mtu. Alisimama nyuma ya mkewe, mikono mgongoni, akitazama kioo cha kompyuta kana kwamba anakagua mzigo uliofika pungufu.

Kompyuta mpya ilipoingia, amani ikatoka. Aliyeileta ni mdogo wake Bi Harusi, fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye watoto lakini asiye na subira ya kueleza jambo mara mbili.

"Dada, humu mna diski mbili," alisema. "Hii ndogo, C, ni ya mfumo na programu. Hii kubwa, D, ni ya kazi zako. Usizichanganye. Siku mfumo ukivurugika, nafuta C, naweka mfumo upya, D siigusi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mimi si mtoto."

Na kweli alielewa, ila kwa namna yake. Harusi zote zilizokwisha alizipeleka D, kila moja kwenye folda yake. Ile iliyokuwa mkononi aliiacha juu ya uso wa kioo, pale anapoiona akiwasha tu. Ndivyo alivyoishi maisha yake yote. Nguo unayoshona huifungii kabatini, na mboga unayokata hurudishi kapuni. Kazi isiyokwisha haiendi stoo. Kwamba ule uso wa kioo nao umo ndani ya C, mdogo wake hakumwambia, na yeye hakuwa na sababu ya kuuliza. Nani huuliza meza imo chumba gani, na huku ameegemea viwiko juu yake?

Kazi ya mkononi safari hii ilikuwa nzito. Jirani yao, dereva wa lori, alimwoza binti yake, akasimama ukumbini akatoa nasaha, na wiki chache baadaye akalala asiamke. Mjane wake alipokuja hakuulizia keki wala msafara wa magari.

"Mwanangu, mimi nitolee pale anapozungumza," alisema. "Siku ile nilikuwa jikoni nagawa chakula. Sikumsikia."

Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa na kujazwa harusi nyingine, maana hakuna mpiga video wa mtaani anayenunua kadi mpya kila Jumamosi. Maneno ya marehemu yalibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye folda ile juu ya kioo.

Bi Harusi aliyarudia maneno yale mpaka majirani wakazoea kikohozi cha marehemu. Feni ya ukumbi ilikuwa inavuma ndani ya kipaza sauti, naye akawa anaupunguza mvumo ule kidogo kidogo, akicheza, akisimamisha, akicheza tena. Mumewe nyuma, mikono mgongoni. Kisha kama kawaida yake, neno likamtoka.

"Mbona mzigo uko mlangoni? Ndugu yako si alisema kazi ziwekwe D?"

"Haijaisha."

"Stooni kwetu kitu hakilali mlangoni hata kama hakijaisha."

"Hapa si stooni kwenu!"

Asubuhi moja aliwasha kompyuta, akafungua kazi yake, na kioo kizima kikawa chekundu. Kila kipande cha video kilikuwa na tangazo lile lile: faili halionekani. Kumbe mzee, kwa nia njema ile inayoua watu, alikuwa ameamka mapema akabeba folda zote za juu ya kioo akazipeleka D, tena akazipanga kwa tarehe. Programu, ikitafuta vitu pale ilipoviacha, haikuona kitu.

Hapo Bi Harusi alipasuka. Alisema ya kompyuta, akasema ya kabati la vyombo lililopangwa upya mpaka chumvi ikatafutwa kama mtoto aliyepotea, akasema na ya miaka ile ambayo mzee huyo angalau alikuwa na stoo ya watu ya kwenda kuisumbua. Akarudisha kila folda mahali pake, juu ya kioo, kisha akamgeukia.

"Niapie. Kompyuta hii hutaigusa tena."

"Sitaigusa," mzee akasema taratibu, akatoka.

Hazikupita siku nyingi. Mpiga picha mwenzake alimpa flashi yenye programu ya kupamba maandishi, akaiweka, na kompyuta ikakataa kuwaka. Ikawa inafika katikati, inazima, inaanza upya. Siku hiyo alikuwa na harusi nje ya mji, hana pa kupumulia. Akamwachia mdogo wake ufunguo. Mchana, spika zikiwa zinapasua masikio, simu ikaita.

"Dada, nafuta C. Kazi zako zote ziko D, sivyo?"

"Ziko D, ndiyo! Fanya haraka!"

Hakudanganya. Kwake yeye "kazi zako" zilikuwa zile zilizokwisha. Ile ya mjane haikuwa kazi bado, ilikuwa juu ya meza.

Jioni aliporudi, kompyuta ilikuwa inawaka vizuri kuliko siku iliyonunuliwa. Kioo kilikuwa kitupu. Alikitazama, akakitazama tena. Alipompigia mdogo wake, yule akasema diski ya aina ile ikishafutwa haitapiki kitu.

"Mbona hukuniambia kile kioo ni C?" alifoka.

"Dada, nilikuuliza."

Likabaki tumaini moja, na lilimuudhi kwa kuwa ni tumaini. Alifungua D akapekua, akiomba kwamba mumewe, kwa ukaidi wake wa siku zote, awe amevunja kiapo. Hakukuwa na kitu.

"Hukuihamisha tena?" alimuuliza mzee aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Uliniambia nisiguse."

Miaka yote ile ya ndoa, siku aliyoamua kumsikiliza ndiyo hiyo. Bi Harusi alitaka kumlaumu, akakosa pa kuanzia, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Kesho yake mjane alikuja amevaa vizuri, akaketi kwenye kiti cha mteja, kitambaa mkononi. Bi Harusi akamweleza yote, bila kumtupia mtu lawama. Mama yule alitikisa kichwa polepole kama asiyesikia vizuri. Kilichosalia kilikuwa kionjo, kipande kifupi alichomtengenezea binti wa marehemu aweke simuni. Hicho kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo kilikuwa D. Akakiwasha. Dereva alisimama, akakohoa, akasema, "Mimi si msemaji, lakini nina neno juu ya mama yao." Hapo muziki ukapanda, ikaja keki.

"Halafu?" mjane akauliza. "Halafu alisema nini?"

Bi Harusi alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kikohozi. Alikumbuka feni, kila mvumo wake. Maneno hakuyakumbuka hata moja, kwa sababu siku zote zile alikuwa anasikiliza feni. Alitamani ardhi immeze.

"Alisema hivi," ikasikika sauti nyuma yao.

Mzee alikuwa amesimama pale pale pake, mikono mgongoni. "Alisema, 'Mke wangu tangu nimuoe hajala chakula cha moto. Hata sasa hivi mkimtafuta yuko jikoni anagawa. Mimi nilikuwa naona, nikanyamaza, nikala changu. Wewe mkwe wangu usinyamaze. Mshike mkono akae, ale kwanza.' Halafu akakohoa, akakaa."

Mjane alijifunika uso kwa kitambaa. Mabega yalitikisika, na haikujulikana analia au anacheka.

"Rudia, baba," alisema. "Polepole."

Bi Harusi akainuka, akamsogezea mumewe kiti chake.