Pua za Mbwa wa Murad

Zamani msasi alimjua mbwa kwa windo alilolitoa kichakani; siku hizi anamjua kwa karatasi yenye muhuri.

Mzee Vuai wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, aliyalalamikia hayo kila alipokunywa kahawa. Baba yake alikuwa msasi wa nguruwe Makunduchi kabla hawajahama Unguja mwaka wa sitini na nne, na kazi ile akamrithisha mwanawe. Basi mwaka 2014 Murad, tajiri wa Riyadh, alipomwita, alipanda basi siku ileile.

Murad alikuwa amenunua mbwa wawili wa kunusa, dume na jike, tumbo moja. Hata sungura aliyepita sasa hivi hawakumfuata.

"Babu yao bingwa," alisema, akizipeperusha karatasi. "Nawajaribu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wakishindwa, halas, nawatupa jangwani."

"Karatasi haina pua, bosi. Nipe wiki hizi tatu."

Bandani, nyuma ya nyumba ya Murad mtaani Al-Naseem, alimkuta Rael, mfanyakazi wa ndani kutoka Kericho, akifukiza udi. Mbwa walikuwa wakipiga chafya.

"Mwanangu, mbwa nao wanakwenda harusini?"

"Madam hataki harufu yao, mzee. Mara tatu kwa siku. Marehemu babu yangu aliwinda na mbwa. Angeniona hivi angenichapa."

Vuai alikimwagia maji chetezo. "Damu imewapa pua. Nyumba hii imeziziba."

Banda likahamishiwa mwisho wa ua, mbali na pua ya madam. Kila alfajiri, mchanga ukiwa bado na ubaridi, Rael aliburuta ngozi ya sungura katika kiwanja kitupu cha jirani: kwanza hatua ishirini moja kwa moja, kisha kwa kona, kisha wakaiacha njia ya harufu ipoe saa nzima. Jike aliinamisha pua siku ya tatu. Dume, mvivu, alifuata mkia wa dada yake wiki nzima, hadi Vuai alipomfungulia peke yake.

"Huyu ni kama kaka yangu," Rael alisema. "Akili anayo, anangoja kusukumwa."

Ijumaa ikafika. Jangwani njia iliburutwa mwendo mrefu, na kabla mbwa hawajafunguliwa kundi la ngamia likaikata katikati. Murad akacheka. Vuai akawafungua vivyo hivyo.

Mbwa walikwenda mbio, pua chini, wakafika kwenye nyayo za ngamia, wakapotea. Dume akazubaa. Jike akazunguka mara moja, akapanua mzunguko, mara ya pili, mara ya tatu, mkia ukasimama. Akabweka. Dume akaruka, akampita, akaishika njia mwenyewe, na wote wawili wakaibukia kwenye mgunga ilikofichwa ngozi. Rael alikuwa amekaa mchangani, analia na kucheka.

"Yalla, hawa ni wawindaji," Murad alisema. "Kesho wanakwenda kaskazini, shambani kwa shemeji yangu."

Vuai hakulitarajia hilo. Asubuhi alijificha nyuma ya ukuta, wasimwone wakahangaika. Gari lilipita polepole, kioo nusu wazi, manukato ya dereva yakimwagika mpaka barabarani. Mbwa hawakuweza kumwona. Pua mbili zikatoka dirishani, zikageukia ukutani, zikabaki zimeelekea pale hadi gari lilipokata kona.

Hakuwaona tena.